Si Kila Kuukuu ni Klasiki

Mwaka 2009 kampuni ya Royal Enfield ya India ilitoa pikipiki mpya kabisa, yenye injini mpya na stata ya umeme, ikaipa jina Classic. Jambo hili linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Chombo kimezaliwa asubuhi, na kabla ya adhuhuri kimeshatangazwa kuwa mhenga! Nani mwenye mamlaka ya kutoa cheo hicho: kiwanda, kalenda, sheria, au bei ya mnada?

Nimewaketisha watu watano mbele ya gereji moja, tuseme Moshi, wajadili jambo hili. Wote ni wa kubuni, ila hoja zao utazikuta kijiwe chochote chenye harufu ya oili. Yupo Mkusanyaji, mpima ardhi mstaafu mwenye pikipiki tatu za Kiingereza bandani kwake. Yupo Fundi mwenye gereji, Mama Spea mwenye duka la pembeni, Mwalimu wa historia, na Boda, kijana anayemalizia mkataba wa pikipiki ya Kichina. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MKUSANYAJI: Jambo hili lina kanuni, tusianze kubuni zetu. Kuna shirikisho la kimataifa la vyombo vya kale, FIVA, lipo tangu 1966. Kwao chombo kiwe kimetimiza miaka 30, kiwe kimetunzwa katika hali yake halisi ya kihistoria, na kisiwe cha kutembelea kila siku. Basi. Kuna nini tena?

BODA: Shikamoo Mzee. Kwa hiyo ile ya baba mdogo iliyolala chini ya mwembe, kuku wanalala kwenye kiti, ikitimiza miaka 30 nayo inapanda cheo?

MKUSANYAJI: Marahaba. Nimesema kimetunzwa, kijana. Ile ni kuukuu tu.

MWALIMU: Na hiyo miaka yenyewe, Mzee wangu, inategemea umesimama wapi. Uingereza pikipiki ikipita miaka 40 inasamehewa kodi ya barabara. India walipoweka kanuni zao mwaka 2021, walisema 50. Chombo kile kile kikivuka bahari kinarudi ujanani. Serikali inataka tarehe kwa sababu karani hawezi kujaza kwenye fomu kwamba pikipiki fulani ina haiba.

FUNDI: Mimi limenikwaza lile sharti la mwisho. Kisiwe cha kila siku? Yaani chombo kikifanya kazi ndiyo kimejivunjia heshima?

MKUSANYAJI: Hakijavunjiwa heshima, Fundi. Kinachokwenda kazini kila siku kitachakaa, kitabadilishwa vitu, mwisho hutajua kilizaliwaje.

Swali la Fundi halikujibiwa hapo, na nadhani Mkusanyaji alijua. Ndiyo maana aliharakisha kwenda kwenye uwanja anaoumudu.

MKUSANYAJI: Haya, tuache umri. Tuseme ubora. Vincent Black Shadow, iliyotoka Stevenage, Uingereza, kuanzia 1948. Silinda mbili zilizopangwa kama herufi V, karibu cc 1,000, injini imepakwa nyeusi wakati wenzake wote wanang'arisha alumini. Inakwenda maili 125 kwa saa, yaani kilomita 200, mwaka huo wa 1948! Septemba 13 Mmarekani Rollie Free alipeleka Vincent iliyoongezwa nguvu kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville kule Utah. Nguo zake za ngozi zilichanika kwenye mbio za kwanza. Akaona zinamshikia upepo, akazivua. Akabaki na kaptula ya kuogelea, kofia ya kuogea na raba za kuazima, akalala kifudifudi, miguu ameinyoosha nyuma kupita tairi. Maili 150 kwa saa na ushei. Picha ipo mpaka leo.

BODA: Angekutana na trafiki wetu!

FUNDI: Hiyo ni sifa ya moyo wa mpandaji. Pikipiki yenyewe mwaka 1955 kiwanda kiliacha kuitengeneza. Bora kuliko zote, na haikuacha mtoto.

MKUSANYAJI: Wafalme wengine hawana haja ya watoto. George Brough wa Nottingham alitengeneza Brough Superior zisizozidi 3,100 hivi kati ya 1919 na 1940, na kila moja ilifungwa kama saa ya mfukoni. T. E. Lawrence, yule wa vita vya Uarabuni, alimiliki saba.

MWALIMU: Na ya mwisho ikamuua mwaka 1935. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakuisahau ile kesi. Akachunguza majeraha ya kichwa ya wapanda pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha utafiti ulioonyesha kwamba helmeti inaokoa maisha. Kijana, hiyo uliyoitundika kwenye hendo ina ukoo mrefu kuliko pikipiki yako.

BODA: Inanukia abiria wa wiki nzima, Mwalimu.

Naingilia kidogo. Kipimo chochote kitakachoitoa Vincent nje ya orodha kina kasoro, na Fundi anajua hivyo. Lakini ukiwapima watu wote kwa mfalme, kijijini hatabaki mtu. Uchache na kasi vinaeleza kwa nini tunaitamani pikipiki fulani. Havielezi kwa nini nyingine, za polepole na zilizojaa kila kona, nazo zinakataa kusahaulika.

FUNDI: Mimi kipimo changu ni kimoja. Pikipiki ni klasiki kama baada yake wenzake hawakuweza tena kutengeneza kama zamani. Honda CB750. Ilionyeshwa Tokyo mwishoni mwa 1968, ikaingia sokoni 1969. Silinda nne zimejipanga kwa ubavu, stata ya umeme, breki ya diski mbele, na Marekani iliuzwa dola 1,495. Waingereza walikuwa bado wanauza silinda mbili za kupiga kiki, na chini yake unaweka kopo la kukingia oili. Yale makasha ya injini yaliunganishwa kwa wima, kila kiungo kinalia. Honda walilikata kasha kwa ulalo, kiungo kikapita juu ya kina cha oili. Kitu kidogo tu hicho! Baada ya hapo mteja akiona tone sakafuni anauliza kwa nini.

MAMA SPEA: Na akishauliza kwa nini, umeshampoteza.

FUNDI: Umeshampoteza. Triumph wa Meriden, waliokuwa na pikipiki yao ya Bonneville tangu 1959, walidhoofika. Mwaka 1973 wafanyakazi wakakalia kiwanda kisifungwe, wakakiendesha wenyewe kwa ushirika, hadi 1983 kikafa.

MKUSANYAJI: Nakubali, ila ngoja nikuongezee utamu. Honda wenyewe hawakuwa na hakika kama mtu atanunua lidude hilo. Kwa hiyo hawakutoa pesa ya kalibu za kumimina kwa mgandamizo, ambazo ni ghali. Makasha ya zile elfu saba na ushei za mwanzo yalimiminwa kwenye kalibu za bei nafuu zaidi, ingawa wengi huziita kimakosa za mchanga. Ukipitisha kidole ubavuni unausikia ukwaruzo, kama ganda la chungwa. Leo matajiri wanazigombea hizo hasa.

MWALIMU: Kwa hiyo wananunua wasiwasi wa Honda.

MKUSANYAJI: Kwa bei ya gari jipya.

BODA: Mimi bado sijaelewa. Bonneville iliyoshindwa ni klasiki, na CB750 iliyoishinda nayo ni klasiki. Kipimo cha Fundi kinampa tuzo mshindi tu. Sasa aliyepigwa kaingiaje?

Hakuna aliyemjibu haraka. Ni kweli, Bonneville haikubadilisha utengenezaji wa pikipiki za dunia. Ilikuwa hatua nzuri katika njia ambayo Edward Turner wa Triumph alikuwa ameshaifungua mwaka 1937 na pikipiki ya Speed Twin. Kinachoiweka hai ni kwamba watu walikataa kuiacha, mpaka jina lake likafufuliwa na kampuni mpya ya Triumph ya Hinckley mwanzoni mwa karne hii. Mtu hakatai kuacha kitu asichokijua kwa mikono yake. Fundi alilifikia jambo hilo kwa njia yake.

FUNDI: Basi nisikilize kuhusu Bullet ya Royal Enfield. Kiwanda cha Redditch cha Uingereza kilifungwa 1967. Lakini Madras walishaanza kuiunganisha tangu 1955, kwa sababu jeshi la India liliitaka. Waingereza wakaacha, Wahindi wakaendelea na injini ile ile ya chuma cha kusubu kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1977 wakaanza kuwauzia Waingereza pikipiki yao wenyewe. Niliwahi kuletewa moja hapa. Huipigi kiki kama unampiga adui. Unasukuma kiki polepole huku unatazama mshale wa amita. Ukirudi katikati, ujue platini zimeachana. Hapo unavuta kile kiwiko kidogo cha kutoa mgandamizo, unasogeza pistoni ipite kilele kidogo tu, unaachia, ndipo unapiga. Ukikosea inakurudishia kwenye ugoko. Kuseti taimingi, unabana karatasi ya sigara kati ya platini. Unazungusha injini, na pale karatasi inapoteleza yenyewe ndipo cheche inaporuka.

BODA: Na mtu mwenye akili zake anaitaka hiyo?

MAMA SPEA: Anaitaka sana, lakini bila kiki. Ndiyo hiyo Classic ya 2009. Tangi lile lile, taa ile ile, halafu unabonyeza kitufe. Mimi siwalaumu. Mteja akisema anataka cha zamani, muulize kama anataka na tabu yake.

MKUSANYAJI: Hapo sasa tumerudi kwenye uhalisi. Hiyo ya kitufe ni vazi. Nairobi kuna mashindano ya magari na pikipiki, Concours d'Elegance, yalianza 1970, hufanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Nilikwenda kuangalia. Majaji wanainama, wanatazama hadi uvunguni. Namba ya injini na ya fremu ziwe zimetoka kiwandani pamoja. Rangi, bolti, kila kitu.

BODA: Ya kwangu injini ni ya pili, tangi la rafiki yangu, kiti nimerefusha, keria imechomelewa hapa kwa Fundi. Namba hazisalimiani.

MKUSANYAJI: Ndiyo maana yako ni chombo cha kazi, mwanangu. Sikudharau. Lakini tena ni nakala. Wachina wamenakili, hakuna aliyeibuni.

Mama Spea aliinuka hapo, akaingia dukani, akarudi na kiboksi cha pistoni. Sura yake, kama ningekuwa mchoraji, ndiyo ningeichora.

MAMA SPEA: Kijana, nisomee maandishi ya ubavuni mwa injini yako, karibu na mguu wa gia.

BODA: Moja, tano, sita, F, M, I.

MAMA SPEA: Moja ni silinda moja. Hamsini na sita ni upana wa silinda kwa milimita, ukiacha nusu. F inapozwa kwa upepo, M ya pikipiki, I ni kundi la cc 125. Sasa soma hapa kwenye boksi.

BODA: CG125.

MAMA SPEA: Pistoni ya milimita 56.5. Hii nauza kwa pikipiki zenye majina mengi kwenye tangi, mengine yametungwa jana, na inaingia zote. Wewe umeona mashine ya Kichina. Bibi yake ni Honda ya 1976.

FUNDI: Na Honda hawakuitengeneza kwa ajili ya wazungu. Walikuwa na injini nyingine za 125, kamshafti juu, cheni ndefu inaizungusha, nzuri mno kwa mtu anayebadilisha oili kwa wakati. Lakini nchi zetu mtu anapakia magunia, oili inageuka lami, na fundi yuko mbali. Kamshafti ya juu ikikosa oili inaliwa. Basi wakaishusha chini, karibu na krenki, inazungushwa kwa gia, halafu fito mbili zinasukuma roka za valvu huko juu. Teknolojia ya babu zao! Wakarudi nyuma makusudi. Hakuna cheni ya kamshafti ya kulegea. Nazifungua kwa spana chache nikiwa nimekaa kwenye jiwe, na mwanafunzi wangu anajifunzia humo humo.

MWALIMU: Hebu tuliweke jambo hili vizuri. Brazil wameijenga, Pakistani wameijenga, China viwanda visivyohesabika vimenakili injini yake. Kama kipimo ni wenzake kushindwa kutengeneza kama zamani, kuna pikipiki ngapi zimebadilisha maisha ya watu wengi hivyo? Mkunga anafika. Mahindi yanafika sokoni. Na mishikaki ya watu watatu inafika hospitali, ikienda kutibiwa ajali ya mishikaki.

MKUSANYAJI: Umuhimu wa kijamii siupingi. Hata Super Cub, mwaka 2017 Honda walitimiza milioni 100. Nasema tu, nakala ya chombo cha kazi haina…

MWALIMU: Mzee wangu, samahani nikukate kauli. Ile ndogo ya kijani bandani kwako ni ipi?

MKUSANYAJI: BSA Bantam. Mfululizo wa D1. Ya 1951.

MWALIMU: Ilibuniwa na nani?

Mkusanyaji alicheka kabla ya kujibu. Ni mtu muungwana, na aliuona mtego ukiwa umeshafunga.

MKUSANYAJI: Na Wajerumani. DKW RT125, mchoro wa Hermann Weber, 1939. Baada ya vita michoro ilichukuliwa kama fidia. BSA wakaigeuza kama inavyoonekana kwenye kioo, gia ikahamia mguu wa kulia walikozoea Waingereza, wakaanza kuuza 1948. Harley-Davidson nao wakatoa yao kutoka mchoro huo huo. Warusi wakatoa yao. Na pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, YA-1 ya 1955, nayo ni hiyo hiyo.

MWALIMU: Na Bantam ilikuwa ikifanya kazi gani?

MKUSANYAJI: Posta ya Uingereza walizipaka nyekundu. Vijana walipelekea watu simu za maandishi.

BODA: Boda!

MKUSANYAJI: Haya, ndiyo. Boda wa barua.

Hapa ndipo ninapotaka kusema langu. Bantam ilikuwa nakala, ilikuwa ya bei rahisi, ilikuwa ya kazi, na mhandisi wa Vincent angeipita barabarani bila kugeuza shingo. Leo inapelekwa kwenye maonyesho na watu wanaijadili rangi yake kwa sauti ya chini. Chuma chake hakikubadilika. Kilichotokea ni kwamba kwa takriban miaka ishirini, ilipokuwa haina thamani kabisa, watu fulani hawakuitupa. Mmoja aliijua kwa sababu ndiyo iliyomfundisha kuendesha, mwingine aliiacha ghalani kwa uvivu, fundi fulani akahifadhi boksi la vipuri bila kujua kwa nini. Kiwanda kinatoa pikipiki, na bila ubora wa kurekebishika hata hao wangekata tamaa. Lakini cheo kinatolewa katika kile kipindi cha aibu, pikipiki inapokuwa imezeeka kiasi cha kuchekwa na haijazeeka kiasi cha kuheshimiwa. Royal Enfield walijaribu kukiruka kipindi hicho kwa kuandika jina ubavuni. Pikipiki yao nzuri, nimeipanda. Tuonane 2050.

Sasa kipindi hicho cha aibu kimezifikia pikipiki za kwanza za bodaboda. Zile zilizoingia kwa wingi katikati ya miaka ya 2000, za Kichina, zenye fito za Honda ndani yake. Ziko wapi?

MAMA SPEA: Hapa nyuma kwa Fundi kuna fremu. Injini moja iliuzwa, nasikia inazungusha pampu ya maji shambani. Nyingine zilipimwa kilo kwa chuma chakavu.

FUNDI: Kijana akimaliza mkataba anaiuza kijijini. Kijijini inamaliza miaka yake. Hakuna anayeweka. Nani aweke, wakati inaweza kulisha mtu hata ikiwa vipande?

MWALIMU: Ndiyo hatari. Vincent hazikutoka nyingi, lakini zimetunzwa. Za kwetu zilikuwa maelfu kwa maelfu, na mjukuu wa huyu kijana akitaka kuiona moja ataonyeshwa picha.

MKUSANYAJI: Basi nitaweka mimi. Nina nafasi pale ilipokuwa Triumph kabla sijaiuza. Kijana, yako utaiuza?

BODA: Bado miezi minne ya mkataba, Mzee. Kwa sasa ni ya tajiri.

MKUSANYAJI: Nitasubiri. Nitaitoa hiyo keria, nitafute tangi lake halisi, nipige rangi…

MWALIMU: Hupigi! Hiyo keria ndiyo historia yenyewe. Na mwavuli ubaki. Na kiti kirefu. Na ule mpira wa kufungia magunia.

MKUSANYAJI: Mwalimu, hakuna jaji duniani atakayeipa maksi ikiwa na mwavuli.

FUNDI: Ule mshono wa keria niliuchomelea usiku, umeme ukikatika kila dakika. Ukiutoa, Mzee, nakudai.

MKUSANYAJI: Rangi ya tangi tu, basi.

BODA: Hata hiyo tutaongea. Na bei, Mzee, uje na ya Bantam.